Itoka la Naro Moru

Kundi letu la maigizo lina desturi moja. Tunaigiza ugomvi mpaka unawaka, kisha mtazamaji yeyote anaruhusiwa kupaza sauti, "Simama!", aingie uwanjani, achukue nafasi ya mwigizaji na ajaribu kuumaliza. Mimi ndiye mwongozaji. Kabla hatujaanza husema, "Hapa ni mchezo tu. Hakuna atakayeshikwa kwa neno alilosema." Bila hayo, watu wa kwetu hukaa wamefumba midomo.

Naro Moru tuliigiza kaka anayemfukuza dada yake aliyeachika kutoka shamba la marehemu mama yao. Tulibeba itoka kwenye mkebe, lile ua ambalo kwetu hupandwa mpakani. Mtu haling'oi. Ni kujitafutia laana.

"Simama!" Mwanamke mwenye sweta la kijani aliingia akachukua nafasi ya dada. Huyo hakuwa anaigiza.

"Watoto wangu nitawapeleka wapi? Hiyo jikoni ya mama ndio nyumba yangu."

Alikuwa akimtazama mwanamume wa mstari wa nyuma, na watu wote wakageuka. Kijiji kizima kilijua yule ni kaka yake wa kuzaliwa naye. Sisi wageni ndio tuliokuja kujua mwisho.

Mwanamume akaja, akavua kofia, akachukua nafasi ya kaka. "Sister, mimi sina ubaya na wewe. Chukua kutoka hapo kwa jikoni ya mama mpaka kwa mtaro. Watu wote wameona." Akamkabidhi itoka. Vigelegele vikapigwa. Nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema.

Mwanamke aliuliza kama anaweza kwenda na lile ua alipande. Nikamwambia alichukue.

Mvua zilipokwisha tulirudi. Jiko la mama halikuwepo tena. Viazi vilikuwa vimepandwa mpaka mtaroni. Itoka lilikuwa limetupwa kando ya barabara, mizizi juu, majani bado mabichi, maana matoka hayafi upesi. Kaka alikuwa akinyunyizia viazi dawa. Nilimwuliza, bila heshima yoyote, alikuwaje na moyo wa kufanya vile.

Hakukasirika hata kidogo. "Mwalimu, si ni wewe ulisema hiyo ni mchezo? Ati hakuna mtu atashikwa na maneno yake?"

Nilitamani kumzaba kofi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, lakini hapa usaha ulimtumbukia asiyefanya mzaha.

Juzi tulikwenda kuigiza sokoni Karatina. Nilimwona yule mwanamke kati ya wauza vitunguu, sweta ni lile lile, watoto wake wamekaa juu ya gunia. Umati ulikuwa unaningoja. Nilijua nisipotamka maneno yangu ya ufunguzi hakuna atakayethubutu kuingia.

Nikayatamka. Alinitazama, akainuka, akawashika watoto mikono, akaondoka. Vitunguu vyake aliviacha pale pale, bila mtu wa kuviangalia.