Wananiita Msomaji, na Mimi Sijui Kusoma

Assalamu alaykum admin. Nimekutumia kwa sauti, naomba uniandikie na jina langu ulifiche, maana kuandika mwenyewe siwezi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi Iftin hapa Garissa, nauza diraa na mitandio. Sijui kusoma. Wanaoijua siri hii ni mume wangu na binti yangu wa kwanza, basi.

Nilikulia kwa mbuzi. Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikaachiwa malisho. Lakini nikisikia kitu mara mbili hakinitoki. Binti yangu alikuwa akinisomea riwaya dukani alasiri, wateja wakipungua. Kuna moja ya mwanamke anayemtafuta dada yake waliyepotezana naye wakati wa ukame. Alinisomea mara nne. Naijua kama ninavyowajua watoto wangu.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha akina mama kilikaa wikendi nzima kwenye nyumba ya wageni karibu na mto Tana. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu, alisema kila mmoja aje na kitabu anachokipenda. Ningebaki nyumbani. Lakini nilitamani sana kukaa na watu wanaozungumza vitabu. Nikabeba ile riwaya.

Zamu yangu ilipofika nikaifungua, nikaanza kuwahadithia kana kwamba nasoma, nageuza kurasa vile nilivyomwona binti yangu akigeuza. Chai ikawapolea wote mikononi. Nilipofika pale dada anapotambuliwa kwa kovu la mkono, wanawake watatu walikuwa wanalia, na mimi nalia. Wallahi machozi yangu hayakuwa ya uongo. Mwalimu akanikumbatia. "Kumbe tulikuwa na msomaji hapa na hatujui!" Papo hapo wakanichagua niwasomee kitabu kipya tukikutana tena.

Jumapili asubuhi tukifunga mizigo, mama mmoja mtu mzima akanivuta kando. Nitamwita Edo Halima, yaani shangazi, kama tunavyowaita wanawake waliotuzidi umri. Ni mtu wa Habaswein, amehamia hapa kwa mwanawe. Akaninong'oneza, "Abaayo, dada yangu, mimi sijui kusoma hata jina yangu. Hawa wengine nawaonea haya. Wewe ni mpole. Nifundishe."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu. Ningemwambia, edo, hata mimi. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, uso wote umejaa furaha, nikasema, "Insha'Allah."

Tangu siku hiyo amekuja dukani mara tatu, na daftari jipya na penseli iliyochongwa. Mara ya kwanza nikamwambia kuna wateja. Mara ya pili nikasema kichwa kinaniuma. Mara ya tatu hakuketi, alisimama mlangoni tu. "Kama umechoka na mimi sema, sitakasirika. Mimi mzee, kichwa yangu ni ngumu." Akaondoka na daftari lake. Anadhani namdharau! Nilijificha nyuma ya nguo zinazoning'inia nikalia mpaka mteja akaniita.

Mume wangu anasema, "Waambie unaumwa, yaishe." Binti yangu sasa yuko shule ya bweni. Nilipoongea naye kwa simu alisema, "Mama, waambie ukweli."

"Nitawaambiaje? Waliniamini."

Akasema, "Basi nitakusomea shule ikifungwa." Lakini shule itafungwa wakati mkutano umeshapita.

Kitabu kipya nimeshakabidhiwa. Kila siku nakifungua, nakifunga. Najua kuna darasa la watu wazima hapa mjini, lakini wanawake wanaopita pale wengi ni wateja wangu. Wakiniona, Edo Halima atasikia kwa watu kabla hajasikia kwangu, ataamini nilikuwa namchezea. Nikinyamaza, anaendelea kuamini namdharau. Na Mwalimu, ambaye kila tukionana ananisifu mbele za watu, nitamwangalia kwa macho gani?

Mkutano ni Jumamosi hii. Nilidanganya, nakiri, lakini kukipenda kile kitabu sikudanganya. Ndugu zangu, mngekuwa nyinyi mngeanza kwa nani, na mngemwambia neno gani la kwanza? Mimi limenishinda.