Kiroba Kilichoshonwa Mdomo

Mtaa mzima walimwita Mama Viroba, naye alilipokea jina hilo bila kinyongo, maana lilikuwa la haki. Miaka kumi na minne alikuwa akisimama mwisho wa mashine ya kusaga unga kiwandani. Kiroba kinashuka kimejaa, anakunja mdomo, anaupitisha kwenye cherehani ya kufungia, trrr, kinakwenda. Kinakuja kingine. Kutwa nzima hivyohivyo, unga kwenye kope, unga masikioni. Mumewe alikuwa mbeba mizigo hapohapo, na ndipo walipojuana, yeye anafunga, mwenzake anabeba, mpaka wakaoana.

Sasa, kuna mwaka mto ulipanda ukaingia nyumbani kwao. Walitoka mbio, kila mtu na alichokishika. Mume alitoka na televisheni kichwani. Wifi yake, dada wa mume anayekaa nao, alitoka na pasi. Yeye mwenyewe, tusimfichie, alitoka na sufuria ya chai, tena haina mfuniko. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vililowa vikawa uji. Na mama mkwe, ambaye ana pumu tangu utoto wake, alikaa siku mbili kwenye darasa la shule walikohifadhiwa akivuta pumzi kwa shida, kwa sababu katika watu wazima watatu hakuna hata mmoja aliyekumbuka dawa yake. Alipona kwa kudra tu. Televisheni nayo ilikuwa imeshaingia maji kabla haijabebwa, hawakujua.

Mama Viroba aliona aibu isiyosemeka. Mama mkwe huyo ndiye aliyemlelea watoto wote wawili huku yeye yuko kazini, akawaogesha, akawapeleka shule, wala hakuwahi kumsimanga. Basi akaapa kwamba mto ukirudi, utawakuta wamejipanga.

Akaleta kiroba kipya kutoka kiwandani, kile kigumu cha kilo hamsini, akaanza kukijaza. Nakala za vyeti ndani ya plastiki. Tochi na betri. Blanketi. Sabuni, biskuti, chupa za maji, mkasi, redio ndogo. Na juu ya vyote pampu mpya ya pumu, ile ya kupuliza mdomoni, iliyofungwa kwa kitambaa cheupe ili ionekane haraka. Kiroba kikawekwa nyuma ya mlango, na familia ikatangaziwa kuwa hicho hakiguswi.

Hakiguswi, wapi. Hazikupita wiki mbili betri zikahamia kwenye redio ya mume, maana kulikuwa na mpira. Sabuni ikaisha bafuni, wifi akachukua ya kwenye kiroba. Biskuti ndizo usiseme, watoto walikuwa wanadokoa moja moja halafu wanapanga pakiti vizuri kama vile haijaguswa. Mama Viroba anajaza, wenzake wanapunguza. Akiuliza, kila mtu anatazama dari.

"Hivi nyinyi mafuriko mnayangoja na nini?" aliwauliza siku moja. "Na pakiti tupu?"

"Tutarudishia," mume akasema, na mpira ukaendelea.

Hapo uvumilivu ukamwisha. Siku ya mapumziko alikibeba kiroba mpaka kiwandani, akaomba ruhusa kwa msimamizi, akakipitisha mdomo kwenye mashine. Lakini alimjua mumewe. Mshono wa viroba una siri yake: ukishika uzi kwenye ncha sahihi, pale mashine ilipomalizia, unavuta mara moja na mdomo wote unafumuka. Ukishika ncha nyingine, unavyovuta ndivyo unavyozidi kukaza. Mume anaijua siri hiyo kuliko anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo Mama Viroba akawasha kiberiti cha gesi, akaunguza ncha zote mbili mpaka uzi ukayeyuka ukawa vitonge vidogo vigumu, vimegandia kwenye kiroba kabisa. Akarudi nyumbani anatabasamu peke yake njia nzima.

Mto ulirudi Jumamosi moja asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti, na safari hii kina Mama Viroba walitoka kama watu wanaokwenda harusini. Mume alibeba kiroba begani, watoto wameshikana mikono, mama mkwe katikati. Hakuna aliyegusa televisheni.

"Wifi, dawa ya mama?" wifi aliuliza mlangoni.

"Iko kwenye kiroba," Mama Viroba akajibu. "Kila kitu kiko kwenye kiroba."

Alilisema kwa raha zake. Hata ile pampu ya kila siku, iliyokuwa dirishani, ikabaki hapohapo. Nani aihangaikie, na mpya ipo?

Shuleni walipewa darasa la ghorofani. Ngazi zilikuwa nyingi, nguo za mama mkwe, bibi wa watoto, zilikuwa zimelowa, na baridi ilikuwa ya kweli. Walipofika juu kifua chake kilianza kupiga filimbi. Akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, akamwonyesha mwanawe kiroba kwa kidole. Mume akakishusha, akakigeuza, akatafuta uzi wa kuvuta. Akatafuta tena.

"Mke wangu, ncha iko wapi?"

"Nimeiunguza."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Haya, mkasi uko wapi?"

"Uko ndani."

Mume alitoka mbio kwenda madarasa mengine kutafuta kisu. Wifi akajaribu kutoboa kwa ufunguo wa nyumba, ukateleza tu, maana kiroba kile kimetengenezwa kibebe kilo hamsini kisipasuke. Waliokuwa mle darasani walipekua walichonacho. Walikuwa na magodoro, masufuria, mtu mmoja alikuwa na kuku. Kisu hakuna. Na bibi midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Hakulalamika, hakumlaumu mtu, aliushika tu upindo wa gauni la mkwewe akaung'ang'ania.

Hapo ndipo Mama Viroba alipoelewa alichokifanya. Alikuwa amefungia pumzi za mama huyu ndani ya kiroba kwa ajili ya sabuni na biskuti. Alitaka kulia, akaona huu si wakati wake.

Akakibana kiroba katikati ya magoti. Upande mmoja wa mshono uzi umelala umenyooka, upande wa pili una vitanzi; akaugeuza ulionyooka umtazame, kama unavyokuwa mashineni. Mikono ile hupitisha viroba mia sita kwa siku, na siku zote huanzia kulia. Basi mashine ilimalizia kushoto. Akainama, akakitia kitonge cha kushoto kati ya meno. Msimamizi humgombeza kila siku kwa kukata uzi kwa meno. Akauma, akavuta, meno yakateleza. Akauma tena kwa jino la pembeni, akasikia kitu kinavunjika, asijue ni uzi ama ni jino, akatema kitonge cheusi sakafuni. Akashika uzi, akavuta. Ukagoma. Kitanzi kimoja kikaachia, kikafuata cha pili, halafu mdomo wote ukafumuka, trrr, mpaka mwisho.

Akamwaga kila kitu chini. Kitambaa cheupe kilikuwa cha kwanza kutoka. Akaitikisa pampu, akaiweka mdomoni mwa bibi.

"Vuta, mama. Taratibu. Tena. Vuta tena."

Darasa zima lilisogea kutazama, hata mwenye kuku. Dakika zilipita, nyingi mno. Kisha filimbi ikaanza kupungua, mabega ya bibi yakashuka, midomo ikarudi rangi yake. Wifi akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Na mume akatokea mlangoni anahema, jasho linamtiririka, mkononi ana msumeno mkubwa wa mbao aliouchukua karakana ya shule.

Bibi akautazama msumeno, akamtazama mwanawe.

"Sasa," akasema kwa sauti ndogo, "ulitaka kunikata wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Mume naye akacheka, akaketi chini palepale msumeno mapajani. Mama Viroba ndiye hakuweza. Alilia kilio cha mtoto, makamasi na yote, akiomba msamaha, na bibi akawa anampapasa mgongo na kumwambia, "Basi, mwanangu, basi. Si unaniona napumua?"

Mchana mvua ilikatika. Wifi aligawa maji, watoto wakazifuata biskuti mbele ya macho ya mama yao, naye akawaangalia wakila mpaka pakiti ikaisha, asiwakataze. Bibi alikuwa amelala, kichwa chake kwenye mapaja ya mkwewe. Mguu wa Mama Viroba ulikuwa umekufa ganzi tangu zamani.

"Mlaze kwenye blanketi, wifi, ujinyooshe," wifi akamwambia.

"Niache kwanza," Mama Viroba akasema. "Namsikiliza anavyopumua."