Chuo Kimenipa Fedha za Utafiti, Lakini Nyumbani Sina pa Kulala

Barua hii imetufikia kutoka kwa msomaji aliyeomba tumfichie jina lake na la kijiji chake. Sisi tumemficha. Ninyi msimnyime maneno.

Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, sijaoa, nasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu Nairobi. Kwetu ni sehemu za Kitutu, kijiji kimoja upande wa Marani. Najua wengi wenu mtasema, huyu analia nini na chuo kikuu amefika, wenzake wanatafuta kazi ya ukarani hawaipati? Hata mimi nilijiambia hivyo kwa muda mrefu. Lakini someni mpaka mwisho kabla hamjanicheka.

Idara yetu hutoa fedha kidogo kwa wanafunzi wachache wakafanye utafiti wao wenyewe wakati wa likizo ndefu. Kwa kawaida fedha za namna hii ni za walimu, sisi huambulia kuwabebea mikoba. Mwaka huu nami niliomba. Nilieleza kwamba tangu chai iingie kwetu migomba inapungua, na kwamba nataka kuwauliza akina mama wanalisha watu nini siku hizi. Tuliitwa mmoja mmoja mbele ya walimu. Waliniuliza maswali magumu nikayajibu kwa jasho, kisha mwalimu mmoja, mama mpole, akauliza jepesi: "Na miezi hiyo mitatu utakaa wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Nyumbani kwetu."

Baadaye aliniambia kuwa jibu hilo ndilo lililonipa ushindi. Mwenzangu aliyekuwa na wazo zuri kama langu alihitaji kulipiwa nyumba, na fedha hazikutosha.

Nisiwafiche, sikuomba kwa ajili ya migomba peke yake. Nilikuwa sijafika nyumbani kwa miaka miwili, maana kila likizo nilibaki Nairobi nikifanya vibarua. Jumamosi wenzangu hutembelewa na jamaa zao, mimi nakaa bwenini nikipiga pasi shati ambalo halina pa kwenda. Nilipewa fedha zile nikalia kwa furaha. Nilijua sasa nitarudi kwetu na kazi mkononi, wala si kama mtoto aliyekuja kula tu.

Pasaka nikaenda kuwapa habari. Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake. Hujengewa kinyumba chake, tunakiita esaiga, na changu nilikikandika udongo kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipofika pale kiliposimama nikakuta chai. Imepandwa mistari kwa mistari, inanifika magotini, mpaka pale palipokuwa kitanda changu.

"Tata," nikamwambia baba, "nyumba yangu iko wapi?"

Baba ni mzee wa kanisa la Sabato. Chai hainywi, ila anailima kuliko wanaoinywa. Alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Nyumba isiyowashwa moto huanguka. Yako ilianguka wakati wa mvua, na ardhi haikai bure. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye chai, na ya dada yako itatoka hapo hapo. Wewe ni mtu wa Nairobi sasa. Ukioa, nitakuonyesha pa kujenga."

Nikaanza kutafuta pa kulala. Ndugu yangu mdogo ameshaoa, kwake siwezi kulala. Kwa mama ni mwiko. Basi nikapelekwa kulala kwa mchungaji, kama mhubiri aliyetoka mbali. Asubuhi nikarudi, mama akanipa uji katika kikombe cha maua, kile cha wageni, ambacho utotoni tulichapwa kwa kukigusa. Mke wa ndugu yangu akanifutia kiti na kuniita omogeni, yaani mgeni, kwa heshima tu, bila ubaya wowote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nililiomba jembe mwenyewe. Mama akalishika mpini asiniachie.

"Wacha, mwanangu, utachafua nguo zako na safari bado ni ndefu."

Wasomaji, safari gani? Mimi nilikuwa nimeshafika.

Sasa niko chuoni tena. Kabla ya kufunga natakiwa nimthibitishie mwalimu wangu kwamba nyumbani wananingoja. Nikisema kweli, nafasi atapewa mwenzangu, na sijui kama nitaipata nyingine. Pale sokoni Marani kuna vyumba vya kupanga. Lakini mwana wa mzee wa kanisa akipanga chumba sokoni na baba yake yu hai, watu watasema tumekosana, na baba atasimama vipi mbele yao siku ya Sabato? Kumwambia ang'oe chai siwezi, ni masomo ya dada yangu. Rafiki yangu mmoja ananishauri nioe haraka. Jamani, nioe binti wa watu ili nipate pa kulala?

Na kuna jambo moja linaninyima raha kuliko yote. Swali la kwanza nililoandaa kumwuliza kila mkulima ni hili: ulipopanda chai, uliondoa nini hapo? Sijui nitamtazamaje baba nikimwuliza.

Nishaurini, ninyi mlio na wazazi na mlio wazazi. Fanyeni haraka, chuo kinakaribia kufungwa. Siku hiyo wenzangu wote watapanda mabasi kwenda makwao. Mimi nauli ninayo, ila sijui nitashukia wapi.