Wapiga Kura Tisini na Saba

Dobi wa mtaa wa nyuma ya shule, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Pasi, hakuwa mtu wa kupandwa na hasira ovyo. Mteja akiisahau suruali yake miezi mitatu, alimtania tu kwamba imeshaota mizizi. Lakini jioni ya uchaguzi wa diwani alirudi mtaani anafuka moshi.

Kwa chaguzi nne mfululizo alikuwa karani wa daftari: mtu anakuja, yeye anatafuta jina, anapiga mstari. Safari hii kituo kilihamishwa kutoka shule ya msingi hadi kwenye ghala la mbao ng'ambo ya barabara kuu. Makarani waliambiwa kwenye semina, wakahakikishiwa kwamba wananchi nao wangetangaziwa. Siku nzima alikaa na rula yake mbele ya kurasa nyeupe. Mtaa wao ulikuwa na majina mia sita na arobaini. Waliofika walikuwa tisini na saba.

Alipofika bombani akakuta foleni ya ndoo, akashindwa kujizuia.

"Kila nikipiga pasi mnanijaza masikio na habari za maji machafu yanayoingia majikoni kwenu," alisema. "Leo ilikuwa siku yenu, mkakaa nyumbani. Basi yanyweni hayohayo."

"Mama Pasi, hebu tulia kwanza," muuza mkaa akaanza.

"Nitulie nini? Nimetulia siku nzima, nahesabu nzi."

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, mwanamke aliyemlea na ambaye hakuwahi kukosa kupiga kura tangu apate haki hiyo. Jina lake nalo halikupigwa mstari. Mama Pasi aliingia bila hodi, na hata shikamoo hakutoa.

"Na wewe, Shangazi? Hata wewe?"

Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bado amevaa gauni lake la bluu la kutokea. Viatu vilikuwa miguuni, vimejaa vumbi, na vifundo vya miguu vimevimba kama maandazi.

"Nimekwenda, mwanangu," alisema. "Nilifika shuleni asubuhi mapema. Geti lina kufuli. Tukakaa pale ukutani, tukawa wengi. Tukasema labda wamechelewa na masanduku. Saa sita mlinzi akatoka, akasema hapa hakuna uchaguzi. Wenye miguu walikwenda kuulizia. Mimi nikarudi."

Mama Pasi akakaa sakafuni. Alijua kituo kimehama wiki nzima kabla, na katika wiki hiyo alikuwa amempelekea shangazi yake mara mbili shuka zilizopigwa pasi, wakapiga soga, wakacheka. Hakusema neno, kwa sababu aliambiwa watu watatangaziwa, naye akaamini.

"Nisamehe, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nivue viatu."

Kesho yake matokeo yakatoka. Diwani wa zamani, aliyeahidi mtaro na hajachimba hata shimo la panya, alipita kwa tofauti ya kura thelathini na moja. Mama Pasi alikuwa ofisi ya kata kabla haijafunguliwa.

"Tangazo lilibandikwa," alisema mtendaji bila kuinua macho.

"Liko wapi?"

Mtendaji alinyoosha kidole mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, umelala ukutani. Mama Pasi aliuvuta, akaufunga, na karatasi ikaonekana nyuma yake, safi kama imebandikwa jana.

"Kwa hiyo ili tuisome, ilitupasa tuingie humu tujifungie na wewe," alisema.

"Mama, taratibu zilifuatwa."

"Zilifuatwa mpaka nyuma ya mlango."

Alirudi bombani, akaomba radhi mbele ya ndoo zilezile. Muuza mkaa alimwambia, "Jana ulitutukana vizuri, sasa tuandikie vizuri." Wakaandika. Watu mia mbili na wanane walioshinda getini walitia saini au dole gumba juu ya meza ya pasi. Malalamiko yakapelekwa, yakakaa miezi saba, kisha likaja jibu la mistari minne: matokeo hayabadiliki. Mama Pasi hakuitwa tena kuwa karani.

Uchaguzi uliofuata kituo kilirudi shuleni. Kabla yake alipita nyumba kwa nyumba, hata kwa wale wasiomsalimia, akiwaambia mahali na saa. Walipiga kura watu mia nne na themanini na sita, na diwani akabadilika. Majirani walimpongeza, wakamwambia sasa apumue.

"Nipumue vipi?" aliwajibu. "Miaka mitano maji yameingia jikoni kwa Shangazi, na mtendaji yule amepandishwa cheo. Leteni nguo, pasi imeshapata moto."