Picha ya Idi

Juzi, katika kuzunguka kwangu na kamera, mchungaji mmoja huko Kipsing alinipa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Mawazo yakanirudisha utotoni, mtaani Kiwanjani, asubuhi ya Idi.

Mpiga picha mmoja alikuwa amempiga picha nyanya yangu, akaweka kamera mkekani ili anywe maziwa kama hayo. Nikaifungua nione kama nyanya ameingia. Mwanga ukaingia, filamu yote ikaungua, pamoja na picha za majirani.

Nikangoja kofi.

"Mtoto alikuwa ananitafuta mimi humo ndani," nyanya akamwambia mpiga picha.

Mpiga picha akacheka mpaka maziwa yakamwagika. Akatia filamu mpya, akanipa kamera. "Haya, piga wewe. Na usifungue!"

Picha niliyopiga ilitoka na dera jipya la nyanya na mikono yake yenye hina, kichwa hakuna. Nyanya aliitundika sebuleni, na kila mgeni aliulizwa, "Umeona nilivyopendeza?"