Pedali ya Kupigia Odi

Siku yangu ya kwanza ku kazi ya kutengeneza kinga, zile baiskeli zetu, Chef d'atelier, mukubwa wa karakana, aliegemeza kinga ya mashindano ku ukuta, akanipa bilato byake, viatu bya kupandia, akasema pedali iko otomatiki, nipande. Miye nilizoea kinga za bantu ba soko, zile za kubeba mifuko. Nikaweka muguu juu ya pedali, nikangojea. Nikangojea tena.

"Unangojea nini?" Chef akauliza.

"Ulisema iko otomatiki, Chef. Nangojea inishike."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mais hakuniita mujinga. "Siye bote tulianza vile," akasema. "Ile jina inadanganya bantu. Pedali haikushike yenyewe. Weye njo unaingia."

Bon, nyinyi batoto ba leo munachagua pedali kwa picha ya mu simu, sikieni muzee. Chini ya kilato kuko kipande cha plastiki, tunaita kale. Pedali iko na mudomo mbele, na nyuma iko na resori, springi ya kubana. Pua ya kale inaingia mu mudomo, unakanyaga, resori inafunguka na kujifunga: ka! Kutoka, unageuza kisigino inje. Pedali ya kuingia mupesi unaitambua hivi: ukiiachilia, inaninginia mudomo juu, inangojea muguu. Mudomo iko mupana. Na ile visi, parafujo ya resori, inakubali kulegezwa. Bengine banauliza kwanza kama iko nyepesi. Uzito utauliza kiisha kujua kuingia.

Toka atelier ya mu ville, Lubumbashi, banituma Kipushi, ku club ya kinga, chini ya Directeur sportif, mukubwa wa bakimbiaji. Alikuwa muntu wa makelele na shati ya pasi, lakini nilimupenda, juu mukate wake alikuwa anagawanya na bakimbiaji. Kule njo nilimukuta Wivine. Ule mutoto alijifunza kinga ku ile ya baba yake ya kubeba makala, na ku mulima alikuwa anaacha bote nyuma. Sasa, kinga ya makala inafundisha muguu kutafuta udongo kila saa. Ku départ, pale mbio inaanza, Wivine alikuwa anainama kutafuta pedali na macho, kilato kinateleza, anaogopa, anaanguka. Alianguka vile mbele ya bantu, tena na tena.

Directeur akamuita. "Mwanangu, kinga ya club ni chache. Ukianguka tena siku ya yenga, Jumapili ya mashindano, yako napa mwengine."

Wivine akakuya kwangu, macho nyekundu. "Papa Kasongo, bakinitosha hapa, bakinifukuza, narudia ku makala. Na miye sitaki."

Nilifungua na kutosha pedali zake nyepesi, zile Directeur alipenda sana. Nikafunga zingine za zamani, nzito, mudomo mupana, nikalegeza visi mpaka mwisho. Directeur akapita. "Papa Kasongo, unamufungia mawe?"

"Mawe inaingilika, Directeur."

Akafyonza, akaenda zake. Mais Wivine alikuwa bado anainama. Nikamuuliza, "Ukifika ku nyumba ya bantu, unaingia tu?"

"Apana, papa. Napiga odi."

"Unapiga odi na macho?"

Akacheka. Nikamwambia, "Basi bidole bya muguu bipige odi. Ukisikia mudomo umekubali, ingia na uzito yako yote. Na kama hawakuitikie?"

"Napiga tena."

"Unalia?"

"Apana, papa. Napiga tena."

Siku ya yenga, filimbi ikalia, na muguu yake ukateleza. Benzake bakaenda, bakamwachia vumbi. Directeur akafungua kinywa kupiga kelele. Nikamushika mukono, miye mutumishi tu. Wivine hakuangalia chini. Nikaona midomo yake inasema odi. Kiisha, ka! Akaenda. Wallahi, nililia mbele ya bantu, na sikusikia haya.

Hakushinda. Alifika kati-kati, mwenye vumbi mpaka mu meno. Directeur akamupelekea maji yeye mwenyewe, akamwambia, "Kinga njo yako." Akanigeukia: "Na zile mawe usizitoshe."

Kiisha pale nilitumika Likasi, nikatumika Kambove, chini ya ba-chef ba kila namna, mpaka macho yakakataa kuona visi ndogo. Nikarudi Lubumbashi kupumzika. Harufu ya grisi naikumbuka sana. Bibi yangu anasema basi nipake ku mukate.

Wivine leo njo Directrice, anafundisha babinti kule Kipushi. Juzi alinipigia simu: baliletewa pedali mupya, ngumu, batoto banashindwa kuingia. Nikasimama mbio, nikaanza kutafuta bilato byangu. "Ngoja, nakuya, usiguse visi bila miye!"

"Nilikwisha kuilegeza, papa," akasema. "Bote banaingia muzuri. Nilikupigia tu nikusalimie."

Nikakaa tena. Nilifurahi sana, na roho iliniuma kidogo. Bantu banazani niliacha kazi siku ile nilirudi Lubumbashi. Apana. Niliacha juzi, ku simu.