Nilivyopika Kwenye Msiba wa Mama

Siku mama alipozikwa kule kijijini kwetu Masaki, mimi ndiye niliyepika. Naam, mfiwa mwenyewe! Wanawake walinitandikia mkeka nikae nipewe pole, nikawaambia, "Kaeni nyie, mchele wenyewe hamjui kuupima." Hapo ndipo nilipojiponza.

Ndivyo nilivyo. Ofisini kwangu Kibaha faili haliondoki mezani mpaka nilipitie mara tatu, na kumwomba mtu msaada naona kama kuvuliwa nguo. Mdogo wangu ni kinyume changu kabisa: machozi yake yako karibu, hulia hata kuku akigongwa na bodaboda. Msibani aligaagaa, akazimia, akapepewa. Mimi nikamsonya moyoni. Wiki chache baadaye yeye yuko sokoni kwake Mlandizi, anauza nyanya na kutaniana na wateja, na mimi siwezi kunyanyuka kitandani hata kwenda kuoga. Kulia sikulia. Nilikuwa mtupu tu, kutwa najilaumu.

"Mtu mgumu kama wewe?" majirani wakashangaa. Daktari hakushangaa. Alisema ni sonona, akanipa dawa na kunipeleka kwa mshauri, na huyo mshauri akaniuliza, "Mama yako ulimlilia lini?" Niliona aibu kubwa.

Nikamsimulia mdogo wangu. Hakunihurumia hata kidogo! "Dada, mwezi ujao tunasoma hitima ya mama, na jikoni hukanyagi. Ukigusa sufuria, naondoka zangu."

Siku hiyo nilikaa mkekani mikono ikiniwasha. Nikasikia harufu ya wali unaoungua, nikainuka nusu. Mdogo wangu akanikazia macho. Nikaketi. Ndipo bibi mmoja jirani akanishika goti: "Pole, mwanangu. Mama yako alikuwa mtu wa watu." Wee! Nililia mpaka mtandio ukalowa, nikalia kwa sauti, bila haya, mbele ya watu walionijua miaka yote kuwa jiwe. Hakuna aliyenicheka.

Dawa niliendelea nazo miezi kadhaa, na mshauri nilimchosha kwa maneno. Lakini ushindi wangu naujua saa yake. Siku ile ile ya hitima, sinia la wali lilipoletwa, nikamwambia mdogo wangu, "Leo nichukue nikakae kwako. Peke yangu siwezi." Akaangua kilio, yeye tena! Nikamfuta machozi huku yangu yakitiririka, tukaumaliza wali ule wote, na ukoko wake.